UZI: Zoom, Meet, Teams, BigBlueButton au Jitsi? Kufundisha mubashara wanafunzi wanaoingia kwa bando la simu

Kitivo_Mtandaoni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Swali la chombo gani kitumike kufundishia mubashara wanafunzi wa elimu masafa hujibiwa kwa jedwali la sifa: kipi kina ubao mweupe, kipi kina vyumba vidogo vya majadiliano, kipi kinabeba watu wangapi. Jedwali hilo lina kazi yake, ila linaruka kitu kinachoamua nani atahudhuria. Mwanafunzi aliyeko Sumbawanga au Lindi anaingia darasani kwa simu, kwa bando alilonunua mwenyewe, tena mahali ambapo 4G hushuka kuwa 3G bila taarifa. Kipindi cha saa mbili kikimla GB 1.4, huyo umeshamfukuza darasani, hata chombo kiwe na sifa zote.

Tuanze na hesabu. Chukua kbps (kilobiti kwa sekunde), zidisha kwa 0.45, unapata MB kwa saa. Ndiyo kanuni nzima. Sasa tazameni makadirio ambayo Zoom wenyewe wameyachapisha:

Sauti peke yake ni 60 hadi 80 kbps. Kuonyesha skrini bila video ni 50 hadi 75 kbps. Video ya kikundi yenye ubora mzuri inahitaji 1 Mbps upande mmoja na 600 kbps upande wa pili, kupandisha na kushusha kwa pamoja.

Mwanafunzi anayesikiliza na kuangalia slaidi, kamera zote zimezimwa, anatumia kama 155 kbps kwa kiwango cha juu. Hiyo ni MB 70 kwa saa. Mwanafunzi yuleyule akiwasha kamera na kutazama za wenzake anafika 1,600 kbps, yaani MB 720 kwa saa. Chombo ni kilekile, somo ni lilelile, gharama imepanda mara kumi.

Msimamo wangu ni huu: kwanza pangeni darasa liendeshwe kwa sauti na slaidi, kamera iwe ya dakika chache za mwanzo. Mkishapanga hivyo, tofauti za vyombo zinaanza kuwa na maana, na hazipo pale wengi wanapozitafuta. Kwa ufupi navipanga hivi:

Kama chuo kina Moodle (mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni) na mtu wa kusimamia seva, BigBlueButton. Mwalimu binafsi asiye na seva, Zoom. Shule ambayo tayari ina akaunti za Google za elimu, Meet, ila isome masharti vizuri. Teams inafaa pale tu ambapo ofisi nzima inaishi ndani ya Microsoft. Mahitaji yake ya kompyuta huanzia RAM ya GB 4, na kompyuta ya namna hiyo ikiwa imefungua vitu vingine huanza kukokota. Jitsi ni ya vikundi vidogo na mashauriano ya mwalimu na mwanafunzi mmoja.

Karibuni mchambue.

---

Mwl_Chaki

Shukrani mkuu kwa uzi. Hapo kwenye Meet fafanua kidogo, maana walimu wengi wanasema ni bure na haina kikomo cha muda.

---

KijanaWaMoodle

Mwalimu, nikujibu hapo. Watu wanachanganya akaunti mbili.

Akaunti ya kawaida ya Gmail: watu 100, na kikao cha watu watatu au zaidi hukatwa kikifika dakika 60. Akaunti ya shule chini ya Google Workspace for Education Fundamentals, ambayo ni bure kwa taasisi zilizokubaliwa: watu 100, na kikao kinaweza kwenda hadi saa 24. Kwa hiyo wanaosema haina kikomo wanatumia akaunti ya shule.

Ila Fundamentals haikupi kurekodi, haikupi vyumba vidogo, wala ripoti ya mahudhurio. Hivyo vipo kwenye leseni za kulipia. Kwa elimu masafa, kukosa kurekodi ni pengo kubwa, kwa sababu wanafunzi ambao umeme au mtandao umewakatikia hawana pa kurudi. Wapo wanaozunguka kwa kurekodi skrini kwa OBS, programu ya kurekodi, kwenye kompyuta ya mwalimu. Inafanya kazi, ila kompyuta hiyo inabeba kazi mbili kwa wakati mmoja, na sauti za wanafunzi zitaingia tu iwapo OBS imewekewa chanzo cha sauti ya kompyuta pamoja na maiki. Ukisahau chanzo cha kwanza, unapata rekodi ambayo mwalimu anajibu maswali yasiyosikika.

Zoom ya bure: watu 100, dakika 40. Kurekodi kunaruhusiwa, lakini kwenye kompyuta tu. Mwalimu anayeendesha kipindi kwa simu kwa akaunti ya bure hawezi kurekodi.

---

Mwl_Chaki

Nimekuelewa. Sasa mwalimu wa tuisheni mwenye wanafunzi 40 wa kidato cha nne, hana seva, ana kompyuta mpakato moja na bando. Ajipange vipi na hizo dakika 40?

---

Kitivo_Mtandaoni

Apange vipindi viwili vya dakika 35 na mapumziko ya dakika 10 katikati, kila kimoja na kiungo chake, vyote viwili vitumwe kwenye kundi la WhatsApp mapema. Asisubiri kikatike chenyewe. Somo likikatwa katikati ya sentensi, wapo watakaokata tamaa na hawatarudi.

Upande wa mipangilio ya Zoom: azime HD kwenye video, aweke kila anayeingia aingie maiki ikiwa imezimwa, na kwenye kuonyesha skrini afungue mipangilio ya ziada apunguze fremu kwa sekunde, slaidi hazihitaji zaidi ya 4 au 5. Wanafunzi awafundishe kitufe cha "Stop Incoming Video", ambacho huzima video zinazoingia kwenye simu zao hata kama mwenzao amewasha kamera. Kitufe hicho kinaokoa bando kuliko maelekezo yote ya "jamani zimeni kamera".

Kitu kingine: aonyeshe dirisha la slaidi pekee, asionyeshe skrini nzima. Skrini nzima inabeba kila taarifa inayochomoza, na kila kinachosogea kinatumwa upya.

---

SevaYaPwani

Mimi nishike upande wa BigBlueButton, maana inasifiwa na kulaumiwa na watu ambao hawajui inavyofanya kazi ndani.

Ilianzia Chuo Kikuu cha Carleton, Ottawa, Kanada, mwaka 2007, na ni programu huria. Kuanzia Moodle 4.0 ya mwaka 2022 moduli yake imo ndani ya Moodle yenyewe, huhitaji kupakua kitu. Kilichobaki ni seva yako na ufunguo wake wa siri.

Faida yake kwa bando iko kwenye slaidi. Zoom na Meet zinatuma slaidi kama picha ya skrini inayotiririka. BigBlueButton (BBB kwa kifupi) inapokea faili lako, inaligeuza kurasa, na kila ukurasa unashuka kwenye simu ya mwanafunzi mara moja. Mwalimu akikaa dakika 15 kwenye slaidi moja, kinachosafiri muda wote huo ni sauti na alama anazochora. Sauti yenyewe ni kama 40 kbps, yaani MB 18 kwa saa kwa anayesikiliza tu.

Lakini faida hiyo inapotea mwalimu akiamua kuonyesha skrini badala ya kupakia faili. Kwa mipangilio ya kawaida, skrini kwenye BBB hufika hadi 1,500 kbps. Darasa la watu 90: sauti 90 × 40 ni Mbps 3.6 tu kutoka kwenye seva. Ongeza kamera ya mwalimu ya 200 kbps, ni Mbps 18. Ongeza skrini, ni Mbps 135. Na kila mwanafunzi anatafunwa MB 675 kwa saa. Halafu watu wanasema BBB ni nzito.

Kwa hiyo mwalimu apakie PDF. Kikomo cha kawaida ni faili la MB 30 na kurasa 200. PowerPoint inapokelewa, ila inapitia LibreOffice ili igeuzwe, na hapo fonti hubadilika, milinganyo ya hisabati inahama mahali, na michoro inayojongea inakufa. Hifadhi kama PDF kwenye kompyuta yako, angalia kurasa, ndipo upakie.

Mahitaji ya seva kwa matumizi halisi: Ubuntu 22.04 kwa toleo la 3.0, RAM GB 16, kore 8 za prosesa, diski GB 500 kama mtarekodi (GB 50 kama hamrekodi), na kasi ya Mbps 250 kupanda na kushuka. Kwa seva ya ukubwa huo msizidishe watu 200 kwa jumla, wala watu 100 kwenye chumba kimoja. Usiichanganye na Moodle kwenye mashine moja. Moodle ikipata wanafunzi wengi wa mtihani, sauti darasani itakatakata.

Amri ya kusimika ni moja:

`wget -qO- https://raw.githubusercontent.com/bigbluebutton/bbb-install/v3.0.x-release/bbb-install.sh | bash -s -- -w -v jammy-300 -s JINA-LA-SEVA -e BARUAPEPE-YAKO`

Kabla ya kuipiga, jina la seva liwe tayari linaelekeza kwenye anwani ya IP ya umma, la sivyo cheti cha HTTPS cha Let's Encrypt hakitatoka na usimikaji utakwama hapo. Ukimaliza, `bbb-conf --check` inakuonyesha hitilafu, na `bbb-conf --secret` inakupa anwani na ufunguo wa kubandika kwenye Moodle.

---

Mwl_Chaki

Mkuu SevaYaPwani, kuna kosa la 1007 linalalamikiwa sana. Mwanafunzi anaona slaidi, anaona majina ya wenzake, anaandika kwenye gumzo, ila sauti hakuna.

---

SevaYaPwani

Maelezo yako yanaonyesha tatizo lilipo. Slaidi, majina na gumzo vinapita mlango wa TCP 443, kama tovuti yoyote. Sauti na video vinapita UDP, milango 16384 hadi 32768. Kosa la 1007 maana yake kivinjari na seva vimeshindwa kukubaliana njia ya kupitisha sauti.

Uliza kwanza: ni wote au ni mmoja?

Wakiwa wote, tatizo ni la seva. Mara nyingi ni mojawapo ya mawili. La kwanza, faiawoli ya ndani ya Ubuntu imefunguliwa, lakini kampuni inayokodisha seva ina faiawoli yake nje, kwenye ukurasa wa usimamizi, na huko UDP imesahaulika. La pili, seva imekaa nyuma ya ruta ya chuo na inajitangaza kwa anwani ya ndani, kwa mfano inayoanza na 192.168. Simu ya mwanafunzi inaambiwa "tuma sauti huku", na huko hakufikiki kutoka nje. Dawa ni seva kuwa na IP ya umma, au kusanidi anwani ya nje kwenye FreeSWITCH (programu inayoendesha sauti ndani ya BBB) na ruta ielekeze milango yote ya UDP kwenye seva. Msijaribu kuweka seva nyuma ya laini ya simu. Mitandao ya simu inawaweka wateja wengi nyuma ya IP moja na hamtaweza kufungua mlango wowote.

Akiwa mmoja au wachache, tatizo ni mtandao walioko, hasa wa ofisi au hoteli unaozuia UDP. Hapo kinachohitajika ni TURN (seva ya kati ya kupitishia sauti na video) inayosikiliza TCP 443, ili sauti ipite pale tovuti zinapopita. Matoleo ya karibuni ya hati ya usimikaji yanaiweka yenyewe. Sauti kupitia TCP inafika, ila mtandao ukipoteza pakiti utaisikia ikisita, kwa sababu TCP inasubiri kila kilichopotea kirudiwe kabla ya kuendelea.

Kipimo cha haraka: mwambie mwanafunzi azime WiFi aingie kwa data ya simu. Ikikubali, seva yako haina kosa.

---

Msimamizi_NBO

Habari zenu kutoka Nairobi. Kuhusu mahali pa kuweka seva, naona watu wengi wakisema lazima iwe hapa nyumbani kwa sababu Ulaya ni mbali na sauti itachelewa. Hesabu haiungi mkono sababu hiyo.

Mwanga kwenye nyaya hutumia kama milisekunde 1 kwenda na kurudi kwa kila kilomita 100. Njia ya kebo ya kilomita 10,000 ni milisekunde 100 kwenda na kurudi, na vifaa vya njiani vinaongeza. Mapendekezo ya ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano), yale ya G.114, yanasema mazungumzo yako sawa ucheleweshaji wa upande mmoja ukiwa chini ya milisekunde 150. Seva ya Ulaya inaingia humo ikiwa mtandao wa mwanafunzi mwenyewe hauongezi mzigo.

Sababu ya kweli ya kuweka seva nyumbani ni kebo kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika pamoja upande wa kusini, na Afrika Mashariki iliyumba, Tanzania ikiumia zaidi. Siku kama hiyo seva iliyoko Dar es Salaam inaweza kuendelea kufikiwa na wanafunzi wa Tanzania, kwa sababu data inabadilishwa TIX, kituo ambapo mitandao hubadilishana data, palepale nchini. Kenya tuna KIXP kwa kazi hiyo.

Neno "inaweza" nimeliweka makusudi. Kama kampuni inayokukodisha seva haijaungana na mitandao ya simu kwenye kituo hicho, data ya mwanafunzi wa Mbagala itaenda nje ya nchi ndipo irudi Kinondoni. Pima kwa `traceroute`, amri inayoonyesha hatua ambazo data inapita, kutoka kwenye laini za mitandao yote wanayotumia wanafunzi. Ukiona hatua moja imeruka ghafla kutoka milisekunde 20 hadi 150 na zaidi na haishuki tena, data imetoka nje.

Vyuo vilivyo wanachama wa TERNET, KENET au RENU viulize huko kwanza kabla ya kukodi kampuni ya mbali. Hiyo ni mitandao ya elimu na utafiti, na kasi ya kupandisha wanayoipata vyuo kupitia huko huwa nzuri kuliko laini ya biashara ya kawaida.

---

Kitivo_Mtandaoni

Mkuu wa Nairobi umetusaidia sana hapo. Naongeza namna ya kupima laini ya mwalimu kabla ya kipindi, maana vipimo vya kasi vya mtandaoni vinaonyesha Mbps 20 na bado sauti inakatika.

Kwenye Windows fungua dirisha la amri upige `ping -n 100` ikifuatiwa na jina la seva. Kwenye Linux au Mac ni `ping -c 100`. Angalieni mambo mawili. Pakiti zilizopotea: zikizidi 2 kati ya 100, sauti itaanza kutoboka. Tofauti kati ya muda mdogo na mkubwa: ikiwa zinacheza kati ya 60 na 80 hakuna shida, zikiruka 60, 400, 90, 700, hakuna chombo kitakachokupa sauti safi, ziwe Mbps 20 au 50. Hapo sogea karibu na dirisha, hama laini, au tumia waya badala ya WiFi.

---

dada_Sauti

Jamani, mmeongea milango na kebo, mwalimu bado anaongea kwa maiki ya kompyuta iliyoko mita moja na nusu, feni inazunguka juu yake.

Mwanafunzi atavumilia picha iliyoganda. Sauti ikiwa mbovu anatoka, kwa kuwa kumsikiliza mtu usiyemsikia vizuri kwa saa nzima kunachosha kichwa. Kwa hiyo hela ya kwanza iende kwenye maiki. Hata visikizi vya waya vya simu, maiki ikiwa sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, vinashinda maiki ya kompyuta.

Visikizi vya Bluetooth muwe navyo makini. Vikitumika kusikilizia muziki, sauti ni nzuri. Mara tu programu inapofungua maiki yake, kifaa kinahamia hali ya simu, na ubora unashuka pande zote mbili. Ndiyo maana mwalimu anasema "mbona jana vilikuwa vizuri?" Suluhisho: visikizi vibaki vya kusikilizia tu, maiki chagua nyingine kwenye mipangilio. Au tumia waya.

Mwangwi nao. Anayesikia mwangwi wa sauti yake mwenyewe siye mwenye tatizo. Tatizo liko kwa mwingine ambaye spika yake inaingia kwenye maiki yake. Wazimie wote maiki, kisha wafungulie mmojammoja hadi mwangwi urudi. Wanafunzi wawili waliokaa chumba kimoja na simu mbili wazi ndio chanzo cha kawaida. Mmoja azime spika na maiki kabisa.

Na ile mikwaruzo ya "tss tss" ni upepo wa mdomo. Sogeza maiki pembeni ya mdomo, isiwe mbele yake.

---

KijanaWaMoodle

Dada umemaliza. Mimi niongeze yanayotokea kwenye simu, kwani huko ndiko malalamiko mengi yaliko.

Kiungo kikifunguliwa ndani ya Telegram au Facebook, kinafunguka kwenye kivinjari kidogo cha ndani ya programu hiyo, ambacho mara nyingi hakiombi ruhusa ya maiki. Mwanafunzi anaingia, anaona kila kitu, maiki inagoma. Maelekezo yaandikwe juu ya kiungo: nakili, fungua Chrome, bandika. Kwa iPhone, Safari.

Aliyewahi kubofya "Zuia" pale kivinjari kilipoomba maiki hataulizwa tena. Aguse alama iliyo kando ya anwani ya tovuti, aingie ruhusa, arudishe maiki, apakie upya ukurasa.

Simu nyingi za Android huua programu skrini ikizimika ili kutunza betri. Aingie mipangilio ya betri, aiondolee Chrome au Zoom kizuizi hicho. Bila hivyo anasikia dakika chache, kimya, anadhani mtandao umesumbua.

Na kwenye BBB mwanafunzi mwenyewe ana sehemu ya kuokoa data ndani ya mipangilio, inaitwa "Data savings". Humo anazima kamera za wenzake na skrini inayoonyeshwa. Upande wa mwalimu kuna kufunga haki za wanafunzi: unaweza kuzuia wasione kamera za wenzao, msimamizi pekee azione. Tumieni. Kamera 20 za kbps 100 kila moja, wote wakionana, ni mikondo 20 inayoingia kwenye seva na 380 inayotoka, na kila mwanafunzi anashusha Mbps 1.9. Kugawa kamera kwa kurasa kunapunguza mzigo huo, ila kufunga kunaumaliza.

---

Mwl_Chaki

Na mhadhara wa watu 500, mfano wiki ya utangulizi? Hapo si bora YouTube Live?

---

Msimamizi_NBO

Ndiyo, kwa mhadhara wa upande mmoja YouTube Live inafaa kuliko kununua leseni ya Zoom ya watu 500. Mwanafunzi anaweza kushusha ubora hadi 144p, anaweza kurudisha nyuma alipokatikiwa, na rekodi inabaki. Ila mambo mawili yawekwe mapema. Kuwasha utiririshaji kwenye chaneli mpya kunaweza kuchukua hadi saa 24 tangu uombe, na kutiririsha kwa simu kunahitaji wafuatiliaji 50. Atakayefungua chaneli asubuhi ya tukio ataaibika.

Ucheleweshaji uchagueni kwa kufikiri. Ule mdogo kabisa ni chini ya sekunde 5, mdogo ni chini ya 10. Kadiri unavyoupunguza ndivyo mwenye mtandao dhaifu anavyogandiwa zaidi, kwa kuwa simu yake haina akiba ya kuchezea. Mhadhara wenye maswali ya gumzo hauhitaji chini ya 10.

---

SevaYaPwani

Nakubaliana na hilo kwa wiki ya utangulizi. Kwa masomo ya kila wiki sikubaliani. Somo la takwimu au la uhasibu ambalo mwanafunzi hawezi kumkatiza mwalimu akasema "hapo sijaelewa", heri apewe video aliyoirekodi mwalimu kwa utulivu aipakue usiku bando likiwa nafuu. Mubashara ina thamani pale panapokuwa na kujibizana.

Kuhusu Jitsi iliyotajwa juu, watu wajue kwamba meet.jit.si tangu Agosti 2023 inamtaka anayefungua chumba aingie kwa akaunti ya Google, GitHub au Facebook. Kama unasimika yako, milango ni TCP 80 na 443 na UDP 10000. Mlango mmoja tu wa UDP, ndiyo maana faiawoli za vyuo huwa hazisumbui sana kama kwenye BBB. Upungufu wake ni kurekodi: Jibri (programu ya kurekodi ya Jitsi) moja inarekodi chumba kimoja kwa wakati, na ukitaka vyumba vitano unahitaji Jibri tano. Kwa mashauriano ya tasnifu ni nzuri sana. Ongeza `#config.startWithVideoMuted=true` mwisho wa kiungo, na kila atakayeingia kwa kiungo hicho ataanza kamera ikiwa imezimwa.

---

KijanaWaMoodle

Kwenye kurekodi, BBB ina tabia yake. Kitufe cha kurekodi kinaweka alama za mwanzo na mwisho, na kipindi kinachakatwa kikishafungwa. Mwalimu asipobofya kabisa, hakuna rekodi. Asipofunga kikao na wanafunzi wawili wakabaki wakipiga soga, rekodi haitatoka hadi watoke. Ikikwama kuchakatwa, msimamizi wa seva anapiga `bbb-record --rebuild` na namba ya kikao.

Faili la MP4 la Zoom au OBS msilitume kama lilivyo. Lipunguzeni:

`ffmpeg -i somo.mp4 -vf scale=854:480 -r 10 -c:v libx264 -crf 28 -c:a aac -b:a 48k -ac 1 somo-dogo.mp4`

Na toeni sauti pekee kwa wenye bando dogo zaidi:

`ffmpeg -i somo.mp4 -vn -c:a libmp3lame -b:a 32k -ac 1 somo.mp3`

Sauti ya 32 kbps ni MB 14.4 kwa saa. Ukiambatanisha na PDF ya slaidi na mwalimu akiwa na mazoea ya kutaja namba ya slaidi kila anapohama, mwanafunzi anafuata somo zima kwa chini ya MB 20.

Rekodi yenye sauti na majina ya wanafunzi ni taarifa binafsi. Kenya kuna sheria ya 2019, Tanzania ya 2022. Wajulisheni kabla ya kubofya, na kiungo kikae ndani ya Moodle, kisizagae kwenye makundi.

---

dada_Sauti

Umeme haujaguswa. Kompyuta mpakato ina betri, ruta haina. Ruta nyingi za nyumbani zinatumia volti 12, soma kwenye adapta yake. UPS ndogo ya volti 12 inaziba pengo hilo, mradi ampea zake zisiwe chini ya zilizoandikwa kwenye adapta na plagi iwe ya ukubwa uleule.

Mwalimu aingie pia kwa simu, kwa laini ya mtandao tofauti, spika na maiki ya simu vikiwa vimezimwa, akiwa amejipa haki ya usimamizi humo. Kompyuta ikianguka, anafungua maiki ya simu na kuendelea. Slaidi kwenye BBB zinabaki pale zilipo.

---

Mwl_Chaki

Swali la mwisho wakuu. Seva imefanya kazi vizuri karibu miezi mitatu, ghafla asubuhi moja vivinjari vyote vinatoa onyo na maiki haifunguki kwa mtu yeyote. Hakuna aliyegusa kitu.

---

SevaYaPwani

Cheti kimeisha muda mwalimu. Vyeti vya Let's Encrypt hudumu siku 90, na vivinjari havitoi maiki wala kamera kwa tovuti isiyo na HTTPS salama. Piga `certbot certificates` uone tarehe, kisha `certbot renew`, halafu uwashe upya huduma za wavuti. Kama `renew` inakataa, angalia kama kuna mtu amefunga mlango wa TCP 80. Uhakiki wa cheti hupita hapo, na watu huufunga wakidhani 443 unatosha. Fungua, rudia, halafu piga `certbot renew --dry-run` kuhakikisha kwamba safari ijayo itajihuisha yenyewe.